Mji Uliopewa Jina la Hadithi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)

Bwana Mwenyekiti, na ninyi ndugu wa reli,

Sisi tunaosafisha mabehewa huokota mambo mengi chini ya viti. Mwezi uliopita tuliokota kijitabu cha watalii, kizuri, cha rangi. Chasema kwamba huko China uko mji uitwao Shangri-La, ati ndiyo pepo ya hapa duniani. Tulibishana sana wakati wa chai. Basi tukauliza, tukasoma, na leo twawaletea tuliyoyapata.

Jina hilo wazee wa mahali pale hawakulijua. Lilitoka katika kitabu cha hadithi, Lost Horizon, ambacho Mwingereza James Hilton alikitoa mwaka wa 1933. Ndani yake mna bonde lililofichwa kati ya milima ya Tibet, na juu yake nyumba ya watawa wasiozeeka upesi. Wana vitabu, wana piano, wana hata bafu la kauri lililotengenezwa Akron, huko Marekani. Ndugu, hapo ndipo tuliposimama. Bafu la kauri ni mzigo! Nani alilipandisha mlimani? Kitabu chataja wapagazi, na dhahabu ya bonde ndiyo iliyolipa, lakini hatukumwona mpagazi hata mmoja aliyepewa jina. Wala hatukuambiwa kama wao nao hawazeeki.

Sasa mji wenyewe. Uko katika jimbo la Yunnan, juu zaidi ya mita 3,000. Wachina waliuita Zhongdian, na Watibeti, ambao ndio wenyeji, huita mahali pale Gyalthang. Fedha nyingi za huko zilitoka katika kukata miti ya msitu. Mwaka wa 1998 mto Yangtze ulifurika, watu maelfu wakafa, na serikali ikapiga marufuku kukata misitu ya asili upande wa juu wa mto. Leo mtu ana shoka na mshahara; kesho ana shoka tu.

Lakini wakuu wa Yunnan walikuwa wamekwisha kutangaza, mwaka wa 1997, kwamba bonde la hadithi ni lao. Wengine nao walidai jina hilo hilo, hata Hunza katika Pakistani. Mwishoni mwa mwaka wa 2001 serikali ya China ilikubali, na Zhongdian ikawa Shangri-La kwa barua rasmi. Watalii wakaja kwa mamilioni.

Baadhi yetu walicheka siku ile ya chai. Sisi twasema si haki kucheka. Mtu aliyenyang'anywa kazi ya msitu atauza alicho nacho, na kama alicho nacho ni jina la kuazima, atauza hilo. Swali letu ni jingine: fedha za jina hilo hufika kwa nani? Kwa mwenye hoteli, au kwa yule atandikaye vitanda?

Mwezi wa Januari 2014 moto ulishika Dukezong, mtaa wa kale wenye nyumba za mbao, ambao ulikuwa umejaa maduka na nyumba za wageni. Nyumba zaidi ya 240 ziliungua. Mabomba ya zimamoto yalikuwapo, ila maji yalikuwa yamefungwa yasije yakaganda kwa baridi. Mtaa ulijengwa tena, na watalii wakarudi.

Na mwezi wa Novemba 2023 reli ilifika, kilomita 139 kutoka Lijiang, sehemu kubwa ikiwa mahandaki na madaraja. Ninyi mnajua maana ya kutoboa mlima. Katika kijitabu mna picha ya gari-moshi na theluji nyuma yake, nzuri kabisa. Tuliitazama sana, kwa zamu, tukitafuta mtu mmoja mwenye sururu. Hayumo.

Kijitabu chenyewe tumekileta. Kitapitishwa mkono kwa mkono. Tafadhali msikichafue, kina mwenyewe, na huenda akarudi kukiuliza.