Taa Haioni Uchafu

Maelezo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi juu ya chujio la mashine ya kukaushia nguo



Mkulima wa pamba wa Bunda hahitaji kufundishwa kwamba pamba nyuzi ni chakula cha moto. Anajua kwa nini sigara ni marufuku ndani ya kinu cha kuchambua pamba. Anajua pia kwamba robota lililoingiwa na cheche laweza kufukuta ndani kwa ndani kwa siku kadhaa bila kutoa ulimi wa moto, kisha likawaka ghalani wakati watu wamekwisha kudhani kuwa hatari imepita.

Jambo linalosahaulika ni kwamba pamba hiyo, hata ikiisha kusokotwa, kufumwa na kushonwa, haibadili tabia yake. Waliopata kufanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Musoma, MUTEX, walilifahamu vumbi la nyuzi. Vumbi la namna hiyo hutoka pia katika shuka, taulo na blanketi, kidogo kidogo, kila zinapofuliwa na kukaushwa. Nguo ikianikwa juani, nyuzi hizo huchukuliwa na upepo wa ziwa na habari yake ikaishia hapo. Nguo ikikaushwa kwa mashine, nyuzi hizo hubaki ndani, karibu na moto.

Kwa wakazi wengi wa Mara kamba na jua vyatosha. Lakini hospitali yenye wagonjwa wengi, au nyumba ya kulala wageni inayopokea watu waendao Serengeti kupitia Bunda, au wafikao Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, haiwezi kungoja jua wakati wa masika. Ndipo mashine ya kukaushia nguo inaponunuliwa. Chama kitakachoamua kuwa na mradi wa namna hiyo, au mwanachama atakayeajiriwa penye mashine hiyo, hana budi kuielewa taa moja ndogo iliyopo usoni mwake: taa ya kukumbusha kwamba chujio lisafishwe.

NAMNA MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mashine ina pipa linalozunguka, koili ya umeme inayopasha joto, na feni inayovuta hewa. Ziko pia zinazotumia gesi badala ya umeme. Hewa ya moto hupita katikati ya nguo zinazogeuzwa-geuzwa, hubeba unyevu wake, na katika mashine nyingi hutolewa nje kwa bomba. Hewa hiyo haibebi unyevu peke yake. Hubeba na nyuzi. Kwa hiyo njiani huwekwa chujio, yaani wavu mwembamba ambao kazi yake ni kama ya chekeche: hewa ipite, nyuzi zibaki.

Chujio likijaa, hewa haipiti vema. Hasara ya kwanza ni ya fedha, kwa sababu nguo huchelewa kukauka na mita ya umeme huendelea kuhesabu. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Joto lililokuwa litoke pamoja na hewa hubaki ndani, na nyuzi zilizokosa nafasi kwenye wavu hupenya pembeni, hujikusanya jirani na koili na ndani ya bomba. Mashine ina swichi ya usalama ya kukata umeme joto likizidi. Hata hivyo, swichi hiyo ni kinga ya mwisho, na si busara kuifanya iwe kinga ya kila siku.

Hatari hii si ya kubuni. Nchini Marekani, ambako mashine hizi zimo katika nyumba nyingi, taasisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya zimamoto ilikadiria kwamba katika miaka ya 2008 hadi 2010 ilitokea mioto ya majumbani ipatayo 2,900 kila mwaka iliyoanzia katika mashine za kukaushia nguo. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha.  Nchini Uingereza, Novemba 2015, kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba katika baadhi ya mashine ilizouza, nyuzi zingeweza kuigusa koili na kuwaka. Mwezi wa Agosti 2016 moto uliounguza sehemu ya jengo la ghorofa nyingi huko Shepherd's Bush, London, ulianzia katika mashine ya kundi hilo. Huko kosa lilikuwa la muundo, si la mwenye nyumba. Funzo lake ni kwamba hata aliyesafisha chujio vizuri asiiache mashine ikifanya kazi bila mtu wa kuiangalia.

MAANA YA TAA

Sasa yafaa kuielewa taa yenyewe. Watu wengi huiona ikiwaka wakadhani mashine imeharibika, wakamwita fundi. Wengine huiona imezimika wakadhani chujio ni safi. Wote wamekosea.

Katika mashine nyingi taa hiyo ni mhesabuji tu, si mkaguzi. Nyingine huwaka kila kazi inapokwisha, chujio liwe chafu au liwe safi. Nyingine huhesabu mara ambazo mashine imetumika, au saa ilizofanya kazi, na hesabu ikitimia huwaka. Zipo pia zenye kipimo kinachotambua kwamba njia ya hewa imeziba, na hizo zikiwaka jambo ni la haraka. Ni kijitabu cha maelezo cha mashine husika tu kiwezacho kueleza taa yake ni ya aina gani, na huzimwa kwa namna gani.

Mkulima atalielewa jambo hili kwa mfano wa shamba lake. Kila mwaka hutangazwa tarehe ya mwisho ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ili wadudu wasivuke kuingia msimu mpya. Tarehe hiyo hukumbusha. Lakini tarehe haioni shamba. Ikipita na miti ya pamba imesimama, wadudu hawatakufa kwa sababu kalenda imegeuzwa.

Basi mambo mawili yafuata. Kwanza, taa isiyowaka si ushahidi wa usafi, kwa maana blanketi chache au taulo mpya zaweza kulijaza chujio kwa mara moja. Pili, taa iliyozimwa si ushahidi wa kazi. Kwenye mashine nyingi kitufe hufuta hesabu tu. Nyuzi hubaki palepale. Anayebonyeza kitufe bila kusafisha amelinyamazisha kumbusho na kuiacha hatari.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chujio lisafishwe kila baada ya nguo kutolewa, pasipo kungoja taa. Mashine izimwe, chujio litolewe, nyuzi zikusanywe kwa mkono na kutupwa mbali na moto. Tundu linalokaa chujio nalo lipanguswe.

2. Mara kwa mara chujio lijaribiwe kwa maji. Yakimwagwa juu ya wavu yakapita, ni vizuri. Yakituama, wavu umezibwa na utando wa dawa za kulainishia nguo, hata kama machoni waonekana safi. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, kisha ukauke kabisa kabla ya kurudishwa.

3. Chujio lililochanika libadilishwe, na mashine isitumiwe kamwe bila chujio.

4. Baada ya kusafisha, ndipo kumbusho lifutwe kwa jinsi kijitabu kinavyoagiza. Taa ikiendelea kuwaka, itazamwe kama chujio limekaa sawasawa mahali pake na kama bomba la kutolea hewa halikuziba au kupindika. Hapo ndipo fundi aitwe.

5. Bomba hilo lisafishwe walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ikiwa nguo zimeanza kuchelewa kukauka.

6. Matambara yaliyolowa petroli, rangi au mafuta ya kula, yakiwamo mafuta ya mbegu za pamba, yasiingizwe katika mashine. Mafuta ya mimea yakibaki kwenye kitambaa chenye joto kilicholundikwa yaweza kuzidi kupata joto yenyewe mpaka yakawaka.

7. Moto ukitokea ndani ya mashine, mlango usifunguliwe, maana hewa huuchochea. Umeme ukatwe ikiwa swichi inafikika bila hatari, watu watoke, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe kwa namba 114.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu wa chama aweza kusema kwamba haya ni ya dobi. La, ni yake pia, kwa sababu yeye ndiye mtunza kumbukumbu, na kumbukumbu zina ugonjwa ule ule wa taa. Daftari lililojazwa tiki kila siku kwa mkono mmoja na kalamu moja, mwisho wa mwezi, halitofautiani na kitufe kilichobonyezwa. Laonyesha kwamba hesabu imefutwa, wala halionyeshi kwamba kazi imefanyika.

Kwa hiyo penye mashine pawe na mtu mmoja wa zamu anayejulikana kwa jina. Katika daftari isiandikwe "taa imezimwa", bali "chujio limesafishwa", pamoja na saa na jina la aliyesafisha, papo hapo. Kijitabu cha maelezo kikae penye mashine, si katika kabati la mwenyekiti lililofungwa. Na mjumbe wa kamati akizuru, asitosheke na kusoma daftari. Alitoe chujio alitazame kwa macho yake.

Mali ya ushirika haina mwenyewe mmoja wa kuililia, na ndiyo maana yahitaji macho mengi. Taa ni msaidizi mwema ikichukuliwa kuwa ukumbusho. Ikigeuzwa kuwa mlinzi, chama kitakuwa kimelala na mlango wazi.