Tusichoke Kubisha Hodi



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya leo tumemsikia mjane aliyemwendea hakimu bila kuchoka, hata akapewa haki yake. Mjane yule alijisemea mwenyewe. Lakini wapo wasioweza kujisemea, nao huhitaji mtu wa kubisha hodi kwa ajili yao.

Mnamo mwaka 1958, nchini Uswidi, Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43, alikuwa akizimia mara 20 hadi 30 kwa siku, kwa kuwa moyo wake ulipiga polepole mno. Mkewe, Else-Marie, alipata habari kwamba daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walikuwa wakitafiti namna ya kuuamsha moyo kwa umeme. Akawaendea. Wakamjibu kwamba kifaa cha kuwekwa mwilini mwa mtu bado hawana. Mama huyo hakurudi nyuma. Alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, mpaka wakakubali. Elmqvist akakiunda kifaa hicho, kalibu yake ikiwa kopo la dawa ya viatu, na tarehe 8 Oktoba kikapandikizwa. Kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikazima. Kikawekwa cha pili. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, akaishi hadi Desemba 2001, akiwa na miaka 86. Mhandisi na daktari wake walimtangulia kaburini.

Ndugu wapendwa, huku kwetu mtu akianguka mara kwa mara, twasema amerogwa, au ana pepo. Nasi mapadre tukiri kosa letu: tumepata kumwekea mgonjwa mikono, tukamwacha aende zake, pasipo kuuliza kama moyo wake umepimwa. Sala ya namna hiyo imeishia njiani.

Leo betri ya moyo hupandikizwa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Gharama yake, hata hivyo, huishinda familia maskini ikiachwa peke yake. Basi, juma hili kila jumuiya ndogondogo na imtafute mgonjwa wake azimiaye, imsindikize hospitali, na ichange nauli yake. Tukiambiwa hapana, turudi tena kesho.

Mwenyezi Mungu atujalie moyo usiochoka. Amina.