Amana ya Mwuza Dawa
Mhadhara wa Umma, Kolwezi



Mwishoni mwa mwaka 2014 na katika mwaka 2015, huko Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, watu kwa mamia walifikishwa hospitali shingo zimepinda, nyuso zimekakamaa na ndimi zimewatoka, na matabibu, kwa kuwa dalili zile zilishabihiana na homa ya uti wa mgongo, walidhania kwanza kuwa ndiyo. Hata maabara zilipovichunguza vidonge walivyomeza, vilivyokuwa vikiuzwa kwa jina la diazepamu, ikadhihirika ya kwamba ndani yake mlikuwamo haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Kila kidonge katika vile kilipita mkononi mwa mtu aliyekipokea, akakiuza, wala asikishuku. Nasi tulio kwenye barabara itokayo mpakani Kasumbalesa kupitia Lubumbashi na Likasi hatuna kinga ya pekee. Na kiapo pekee hakimfundishi mtu kukishuku kidonge kilicho mkononi mwake; ndiyo maana siafiki desturi ya kufundisha maadili ya ufamasia kwa kuwakaririsha vijana kiapo na vifungu vya kanuni, kisha kuwatahini kwa karatasi.

Tazameni, mathalani, plaketi ya vidonge. Mteja wetu aghalabu hana fedha za pakiti nzima, hivyo mwuzaji hushika mkasi akamkatia vidonge vinne au sita. Na mara nyingi tarehe ya mwisho wa matumizi pamoja na namba ya toleo vimechapwa ncha moja tu. Aanzaye kukata ncha ile amevifanya vidonge vilivyosalia kuwa mayatima wasio na nasaba, na ikitangazwa kesho kwamba toleo fulani ni la ghushi, hatakuwa na njia ya kuvitambua. Jambo hili hufundishwa mkasi ukiwa mkononi.

Kisha yuko mchimbaji wa Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi ambamo mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Ametoka shimoni jioni, mgongo unamwuma, anataka tramadoli bila ordonansi, na fedha anazo. Hapana tupu itampeleka duka la jirani, ambako atauziwa pasipo kuulizwa kama amekunywa pombe, ilhali viwili hivyo vikikutana vyaweza kumkata mtu pumzi usingizini. Basi mwanafunzi azoeshwe yafuatayo baada ya hapana: kuuliza maumivu yalianza lini, kumpa dawa nyepesi imfaayo, kumwelekeza kwa tabibu. Na tuseme kwa insafu kwamba kijana ambaye ujira wake hutegemea mauzo ya siku hataweza kudumu katika uadilifu huo peke yake, hata lau angesomeshwa na walimu bora wa dunia.

Naviomba vitivo vyetu viufanye mtihani wa maadili mezani pa dawa, mbele ya mteja, mfamasia mzoefu akisikiliza. Nanyi wenye maduka wa Manika na Dilala, mlipeni kijana mshahara usiofungamana na mauzo, na siku atakapokataa kuuza, simameni upande wake.