Kutafuta Chanzo cha Mtetemo wa Propela Shafti katika Magari Makuukuu ya Fowili: Mada kwa Mafundi wa Bukoba, Muleba na Bumbire

Propela shafti ni bomba la chuma linalopokea mzunguko kwenye transfa na kuufikisha kwenye difu. Gari la fowili lina mbili, fupi ya mbele na ndefu ya nyuma. Katika Toyota Hilux ya chesisi ndefu, ile ya nyuma hugawanywa vipande viwili vinavyoshikiliwa katikati na senta beringi. Kila ncha ina krosi, yaani msalaba wa chuma wenye vikombe vinne vya beringi za sindano, ili nguvu iendelee kupita hata difu inapopanda na kushuka pamoja na springi. Kwa kuwa umbali kati ya transfa na difu hubadilika kila springi zinapobonyea, shafti huwa pia na kiungo chenye meno kinachoingia na kutoka. Kimojawapo cha vitu hivi kikichakaa, kikikosa balansi au kikikaa katika pembe isiyo yake, gari hutetema. Ugumu wa kazi uko hapa: tairi, injini, mauntingi na difu nazo hutetemesha bodi ileile, na aliyekaa kitini huhisi kitu kimoja tu.

Magari yanayohusika zaidi katika Mkoa wa Kagera ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambazo wengi huziita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa, pamoja na Land Rover 110 iliyotoka mwaka 1983. Hubeba wagonjwa, kahawa, mikungu ya ndizi na magunia ya dagaa. Mengi yamezeeka kwenye changarawe, yakitembea kilomita 30 au 40 kwa saa, na siku yanapoingia kwenye lami ya Bukoba hadi Biharamulo na kufikishwa 80, mwenye gari husema ubovu umeanza leo. Mara nyingi ulikuwapo muda mrefu. Nguvu ya kitu kisicho na balansi hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo. Tairi ya 7.50-16 husogeza gari takriban mita 2.45 kwa mzunguko mmoja. Kwa kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka mara 9 kwa sekunde. Difu yenye uwiano wa 4.1 ina maana kwamba shafti huzunguka mara 37 katika sekunde hiyohiyo, yaani zaidi kidogo ya mara 2,200 kwa dakika. Tope la gramu 50 likiganda upande mmoja wa shafti, sentimita 4 kutoka katikati, huivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 11, ikibadili upande mara 37 kwa sekunde. Kwa kilomita 40 nguvu hiyo haifiki kilo 3 na dereva haioni kabisa. Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kufungua hata nati moja, ni kuosha gari kwa chini. Udongo mwekundu wa Kagera, katika eneo ambalo Bukoba peke yake hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hukauka ukawa mgumu juu ya shafti na ndani ya rimu. Kamba ya katani au ya migomba iliyojizungusha karibu na flenji hufanya vivyo hivyo, na zaidi ya hapo hukata sili ya pinieni ya difu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomwezesha fundi kutenganisha vyanzo kwa mwili wake. Mtikisiko wa mara 9 kwa sekunde mtu anaweza karibu kuuhesabu. Huonekana kwenye usukani au hutikisa kiti taratibu, na chanzo chake ni tairi, rimu au habu. Mtetemo wa mara 37 hauhesabiki. Huja kama mvumo chini ya nyayo, kwenye sakafu na kwenye mkono wa gia. Krosi zilizokaa katika pembe mbaya hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti, kama mara 74 kwa sekunde kwa mwendo uleule, na hapo mvumo huwa mwembamba zaidi, kioo cha ndani hutoa taswira yenye ukungu, na masikio huanza kuchoka.

Jaribio la barabarani lifanywe kwenye kipande kilichonyooka na tambarare, kamwe lisifanywe kwenye miteremko ya Kamachumu. Gari lifikishwe kwenye mwendo unaotetema, kisha klachi ikanyagwe na injini iachwe ishuke hadi sailensa. Mtetemo ukibaki vilevile na kupungua pamoja na mwendo wa gari, chanzo kiko baada ya giaboksi: shafti, difu au magurudumu. Ukikoma papo hapo, kuna mambo mawili. Huenda unatoka kwenye injini, na hilo huthibitishwa kwa kusimamisha gari na kukanyaga mafuta hadi mizunguko ileile. Ukitokea tena, zitazamwe mauntingi, feni na klachi. Usipotokea, basi ni mtetemo wa mzigo, unaokuja pale nguvu inapopita tu, na hapo watuhumiwa ni krosi iliyolegea, pembe za shafti au beringi za pinieni. Kubadili gia pia husaidia: mwendo ubaki uleule, gia ishushwe moja. Injini itazunguka haraka zaidi lakini shafti haitabadilika, kwa hiyo mtetemo utakaobaki haukutoka kwenye injini.

Baada ya hapo ijulikane kama ni shafti ya mbele au ya nyuma. Kwa Land Cruiser zenye habu za mbele zinazofungwa kwa mkono kazi ni nyepesi. Habu zikifunguliwa na gari likiwa kwenye tuu-wili, shafti ya mbele haizungushwi na magurudumu, zikifungwa huzunguka. Mtetemo unaokuja na habu zilizofungwa na kuondoka zikifunguliwa umekwisha kujitaja. Wakati wa masika madereva wengi hufunga habu na kuzisahau, hivyo shafti ya mbele huzunguka kutwa bila kupigwa grisi. Wengine huzifungua mwaka mzima. Grisi hutulia chini, na sindano hukaa mahali pamoja hadi zinachimba vijishimo kwenye msalaba. Kufunga habu na kutembea kilomita chache kila mwezi hulinda krosi hizo.

Land Rover 110 ni habari nyingine. Fowili yake ni ya wakati wote na shafti zote mbili huzunguka daima, kwa hiyo njia ya kupambanua ni kuivua moja. Ikivuliwa, loki ya difu ya katikati lazima iingizwe, la sivyo nguvu yote hukimbilia upande usio na shafti na gari halisogei. Kuna hatari kubwa zaidi hapa. Breki ya mkono ya Land Rover hiyo haipo kwenye magurudumu. Hushika kwenye transfa, upande wa shafti ya nyuma. Shafti ya nyuma ikiwa chini bila loki, breki ya mkono haizuii chochote, na gari lililoegeshwa kwenye mwinuko litamfuata fundi. Magurudumu yazibwe kwa kabari pande zote mbili kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa. Vilevile gari la fowili ya wakati wote lisiinuliwe ekseli moja kwa jeki na kuwashwa likiwa kwenye gia. Magurudumu yaliyo chini yanaweza kulisukuma likaruka kutoka kwenye jeki.

Ukaguzi wa mkono hufanywa gari likiwa limezimwa, liko nyutro, limezibwa kwa kabari. Shafti ishikwe kwa mikono miwili karibu na krosi, isukumwe juu na chini, kisha izungushwe mbele na nyuma huku flenji ikiwa imeshikwa. Krosi nzima haina mcheche wowote, yaani haichezi. Mcheche mdogo wa mzunguko kwenye kiungo cha meno huvumilika. Ule wa kwenda juu na chini hauvumiliki. Dalili za awali huja kabla ya mtetemo: mlio wa kwi-kwi-kwi gari linapoondoka taratibu ni wa krosi iliyokauka, na mgongano wa “ta!” wakati wa kuachia klachi ni wa krosi iliyolegea. Ungaunga mwekundu kuzunguka vikombe ni kutu inayotoka ndani. Kwa kuwa vumbi la changarawe ni jekundu vilevile, sehemu hiyo ifutwe kwa dizeli na kuangaliwa tena baada ya siku mbili tatu. Kutu hurudi mahali palepale. Wakati wa kupiga grisi, grisi ya zamani inapaswa kutokea kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, kikombe hicho hakipati grisi, na krosi hiyo itakufa upande huo mapema.

Kwenye mialo ya Muleba, inakoshuka mizigo kutoka visiwa vya Bumbire, Kerebe na Goziba, gari hurudishwa nyuma hadi magurudumu yaingie ziwani ili mtumbwi ukaribie. Hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Difu iliyotoka safari ni ya moto. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa yake ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, hasa pale bomba la kupumulia limeziba kwa tope. Oili hugeuka nyeupe kama chai ya maziwa, beringi za pinieni huliwa, na flenji ya difu huanza kuyumba. Fundi asiyefungua nati ya kupimia oili atabadili krosi mbili mpya na mtetemo utabaki, kwa sababu shafti nzima imefungwa kwenye kitu kinachoyumba. Flenji hiyo ishikwe na kusukumwa baada ya shafti kuvuliwa; ikicheza hata kidogo, kazi iko kwenye difu.

Krosi zikiwa nzima na mtetemo upo, zipimwe pembe. Krosi moja inayofanya kazi katika pembe haipitishi mzunguko sawasawa. Upande wa pili huharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko, jambo lililojulikana tangu Robert Hooke aliposhughulikia kiungo hiki karne ya 17. Kwa nyuzi 5 tofauti hiyo ni asilimia 0.4 juu na chini. Kwa nyuzi 10 ni 1.5, kwa nyuzi 20 hufikia 6. Krosi ya pili huifuta tofauti hiyo kwa masharti mawili: pembe za ncha zote mbili zilingane, na masikio ya shafti, yaani ncha zake zinazoshika krosi, yawe katika mstari mmoja. Magari ya mizigo huvunja sharti la kwanza kwa kuongezewa pleti za springi. Sehemu ya nyuma huinuka, pembe huongezeka, na gari likiwa tupu huvuma vibaya kuliko likiwa na magunia. Mauntingi ya giaboksi iliyolala hufanya hivyo kutoka mbele. Kipimo hakihitaji mashine: simu yenye programu ya kupimia mteremko ikiwekwa juu ya flenji ya transfa na kisha ya pinieni, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida, hutoa nyuzi zote mbili. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 1 kwa shafti ya nyuma yenye krosi mbili inahitaji kurekebishwa, ama kwa mauntingi mpya, ama kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Sharti la pili huvunjwa gereji. Shafti ikichomolewa kwenye kiungo cha meno na kurudishwa ikiwa imeruka jino moja, masikio hayalingani tena. Kwa shafti nyingi za nyuma jicho linatosha kuona kosa. Za mbele zinadanganya, maana kwa baadhi ya magari kiwanda chenyewe kiliyatofautisha masikio kwa makusudi. Alama ya rangi au ya ponchi pande zote mbili, kabla ya kuchomoa, ndiyo kinga isiyoshindwa kwa gari lolote.

Mashine ya balansi ya shafti ni mali ya gereji kubwa za mijini, na kwa gari lililoko kisiwani Bumbire kuipeleka shafti huko ni safari ya majini na ya barabara. Ipo njia ya kukadiria inayofaa. Klipu mbili za kufungia hozi huvalishwa kwenye bomba karibu na ncha ya difu, vichwa vyake vikiwa pamoja, na bomba hugawanywa kwa chaki sehemu nne. Gari hujaribiwa vichwa vikiwa sehemu ya kwanza, ya pili, hadi ya nne. Sehemu iliyotuliza zaidi ndiyo nyepesi. Hapo vichwa hutenganishwa kidogo kidogo pande zote mbili hadi mtetemo uwe mdogo kabisa. Njia hii haitibu bomba lililopinda au lililobonyea kwa jiwe. Bomba la namna hiyo hutambulika kwa kushika chaki karibu nalo likizungushwa polepole kwa mkono, na dawa yake ni kubadilishwa.

Krosi mpya isipigwe nyundo hovyo. Sindano moja ikianguka kitako cha kikombe, kikombe hakifiki mahali pake, klipu ya kukishikilia haiingii, na masikio hupanuka kwa kulazimishwa. Jiriwa hufanya kazi hiyo bila madhara. Krosi iliyokwisha kufungwa ielekee kila upande kwa nguvu ya vidole, bila kukwama wala kucheza. Boliti za flenji ziwe za ugumu ule wa kiwanda. Boliti laini ya dukani hukatika, na shafti ya mbele ikianguka kwa ncha yake ya mbele huchoma barabara na inaweza kupindua gari. Boliti za flenji zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, na gari linaloshuka mwaloni lipigwe grisi kila linapotoka majini, siku ileile, kabla maji yaliyomo kwenye vikombe hayajaanza kula sindano.