Je, vijana wetu wa vyuo ni laini mno?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za elimu za sharika, iliyofanyika Mwanjelwa, Mbeya. Tunaichapisha kwa faida ya sharika ambazo hazikupata nafasi ya kuleta wajumbe, na kwa marafiki zetu wanaochangia Mfuko wa Elimu.

 

Kwanza kabisa namshukuru Mungu aliyetuwezesha kufika salama pamoja na baridi hii. Pili, nawashukuru akina mama wa usharika mwenyeji kwa uji na magimbi ya asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya Mfuko wa Elimu. Taarifa ya fedha mnayo mikononi, na mtunza hazina ataifafanua baada yangu. Mimi naomba dakika 20 nizungumzie agenda namba 4, kwa sababu naona hiyo ndiyo itakayoamua kama mfuko huu utaendelea kuwa huduma ya kanisa au utageuka kitu kingine.

Agenda hiyo ni barua ya kamati ya usharika mmojawapo kati yetu. Sitautaja, wala sitamtaja mwanafunzi. Ni binti wa mwaka wa pili. Mkopo wa Bodi haumtoshi, na usharika unamlipia sehemu ya ada iliyobaki. Kila mwaka kabla ya vyuo kufunguliwa, wanafunzi wanaosaidiwa huitwa mbele baada ya matangazo. Habari za nyumbani kwao husomwa, nani ni yatima, nani mama yake ni mgonjwa, halafu tunatoka nje kwenye mnada wa viazi, ndizi na kuku.

Mwaka huu binti huyu aliwaandikia wazee barua ya heshima. Alishukuru. Alisema yuko tayari kufundisha watoto wa Shule ya Jumapili likizo nzima, au kufanya kazi yoyote atakayopangiwa. Aliomba jambo moja tu: habari za ugonjwa uliomuua baba yake zisisomwe tena mbele ya watu.

Kamati ikajibu kwa kuomba msaada wake usitishwe. Sababu iliyoandikwa ni "kiburi na kukosa shukrani". Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia kwa simu: "Mratibu, watoto hawa wa siku hizi wamekuwa laini kama mayai. Ukimgusa kidogo, kaumia. Sisi tulisoma miguu peku, tukachapwa, tukaenda JKT, na tumekuwa watu."

Ndugu wajumbe, maneno hayo si ya mzee huyo peke yake. Nayasikia kwenye bajaji, nayasikia sokoni, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuyasema. Hata mbali yanasemwa. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kiliwaandikia wanafunzi wapya kwamba hakiungi mkono desturi ya kuwaonya wanafunzi kabla ya somo lenye mambo mazito, na barua ile ilizua mabishano makubwa. Lakini tusiazime ugomvi wa wenzetu. Sisi tunao wa kwetu, nao ni wa siku nyingi.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Chuo chetu kikuu cha kwanza, cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Miaka mitano tu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wanapinga mpango wa kuwalazimisha wasomi kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Walibeba mabango makali, na moja lilidai afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Wanafunzi 393 walirudishwa makwao.

Mnaona? Wale walioitwa wasomi wanaodeka mwaka 1966, leo wana umri wa miaka 80 na zaidi. Ni babu zetu. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za masilahi ya wabunge na mawaziri, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Hao ni wazee wa umri wa baadhi yenu mlio hapa. Wao pia waliambiwa hawana adabu. Kwa hiyo tunaposema "vijana wa siku hizi", tukumbuke kwamba kila mmoja wetu amewahi kuwa kijana wa siku hizo.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari ya mwaka 1966, na hiyo ndiyo ninayotaka kamati ziishike. Wanafunzi wale walisema pia kwamba viongozi wanajilipa mishahara mikubwa huku wakiwataka vijana wajinyime. Mwalimu aliwaadhibu, lakini neno hilo alilisikia. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakakatwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha lenye masharti ya uongozi. Na wengi wa wale waliofukuzwa walirudishwa chuoni. Kwa hiyo mzee anaweza kukemea utovu wa adabu na wakati huo huo akapokea ukweli uliomo ndani ya neno lililosemwa vibaya. Kufanya hivyo hakumpunguzii uzee wake.

Sasa nije kwa hoja ya viboko, kwa kuwa ndiyo tunayoipenda zaidi. Mnakumbuka Oktoba 2016, hapa hapa mjini kwetu, picha za video zilisambaa kwenye simu zikionyesha mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya akipigwa ngumi, makofi na mateke na walimu kadhaa ofisini. Wakati huo kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zilikuwa wazi: viboko visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi. Ngumi hazimo kabisa.

Je, walimu wale walikuwa wazee wa shule ya zamani? Hapana. Walikuwa walimu wa mazoezi, vijana wa vyuo, umri wa hawa walioketi nyuma. Serikali iliwafukuza masomo. Nilipoiangalia video ile nilijiuliza: wamejifunza wapi? Sitaki kuwasemea, lakini najua kwamba mtoto aliyelelewa kwa "nyamaza, jikaze" haondoki na ujasiri peke yake. Wengine huondoka na hasira, nao hungoja siku watakapopata mtu mdogo kuliko wao.

Neno hili "jikaze" lina hatari nyingine, na akina mama mtanielewa. Mwaka 2018, siku Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri mmoja mwanamke aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Sheria ilikuwepo tayari: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imefanya kudai ngono kwa kutumia mamlaka kuwa kosa la jinai. Binti akifika nyumbani na kusema "mwalimu ananisumbua", nasi tukamjibu "acha kudeka, soma", tumemfungia mlango wa sheria na mlango wa kanisa kwa pamoja. Mtoto tuliyemzoesha kunyamaza kwenye madogo hatatuambia makubwa.

Wanafunzi mnatabasamu kule nyuma. Msitabasamu bado, kwa maana na ninyi nina neno nanyi.

Si kila kinachouma ni dhuluma. Mwaka jana nilimrudishia mwanafunzi mmoja taarifa yake ya mazoezi kwa vitendo nikiwa nimeijaza wino mwekundu, kwa sababu hesabu zake hazikujumlika. Hakurudi ofisini wiki tatu. Aliwaambia wenzake kwamba mratibu amemdhalilisha. Nilikuwa peke yangu naye, mlango umefungwa, na nilikuwa nimemwonyesha kila kosa na namna ya kulisahihisha. Hiyo haiitwi kudhalilishwa. Inaitwa kufundishwa. Wafadhili wanaposoma taarifa yenye hesabu mbovu, hawatauliza kama moyo wako ulikuwa mzito siku hiyo.

Na wapo wanaosoma kwa fedha za mnada wa viazi, lakini mzee akiwauliza matokeo ya mtihani wanasema anaingilia mambo yao binafsi. Mama aliyeamka saa 10 alfajiri kupeleka mboga Soko la Mwanjelwa, akatoa sadaka yake, ana haki ya kuuliza umefaulu au umefeli. Kuuliza huko ni uwajibikaji.

Basi tutapimaje? Baada ya kutafakari, naona maswali matatu yanatosha. La kwanza: neno hili lingeweza kusemwa faraghani? Kama lingeweza, kwa nini tunalisema mbele ya watu? La pili: linamsaidia kijana kufanya vizuri zaidi kesho, au linamkumbusha tu kwamba yuko chini yetu? La tatu: anayeambiwa ana nafasi ya kujibu bila kupoteza msaada wake? Wino mwekundu wangu unapita maswali yote matatu. Kuuliza matokeo kunapita. Kusoma mbele ya usharika ugonjwa uliomuua baba wa mtu hakupiti hata moja.

Hapa sina budi kuungama. Miaka michache iliyopita niliandika taarifa ya mradi kwa marafiki zetu wa ng'ambo. Niliweka picha ya kijana mmoja, na chini yake nikaeleza umaskini wa kwao kwa kirefu, hadi paa la nyumba linalovuja. Sikumwomba ruhusa. Taarifa ilipendwa. Kijana yule aliiona chuoni, kwenye simu ya mwenzake. Alipomaliza masomo alikuja kunishukuru, kisha akasema kwa upole, "Lakini picha ile, Mratibu, ilinifuata miaka miwili." Niliona aibu kubwa kuliko kama angenitukana. Kwa hiyo binti wa agenda namba 4 hawashitaki wazee wa usharika wake peke yao. Ananishitaki na mimi.

Ndugu zetu wafadhili mtakaosoma hotuba hii, nanyi nawaomba. Mkiona taarifa zetu zina majina machache na machozi machache, msidhani kazi imepungua. Hesabu mtazipata, matokeo mtayapata, risiti mtazipata. Siri za nyumba za watoto ndizo hatutawaletea tena.

Wazee wangu wanapenda kunikumbusha Rehoboamu, aliyeacha shauri la wazee akafuata la vijana, na ufalme ukagawanyika. Ni kweli. Lakini tukisoma vizuri, wazee wale walimshauri awe mpole na asikilize watu. Vijana ndio waliomshauri atumie mkono mzito. Na katika Ayubu yupo Elihu, mdogo kuliko wote, aliyenyamaza hadi wazee walipomaliza, kisha akaomba nafasi aseme. Binti wetu amefanya kama Elihu. Hakuandamana wala hakututangaza mitaani. Aliandika barua na kuanza na shukrani.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne. Moja, habari za afya na za familia za wanafunzi zibaki kwa mchungaji na katibu wa kamati, zisisomwe ibadani. Mbili, picha au habari ya mwanafunzi isitumwe popote bila ridhaa yake ya maandishi. Tatu, kila mwanafunzi alete matokeo yake kila muhula na atumike usharikani angalau wiki mbili za likizo. Asiyefanya hivyo bila sababu aitwe ahojiwe, na msaada wake unaweza kusimamishwa. Nne, hakuna mwanafunzi atakayefutwa kwenye mfuko kwa sababu ya kulalamika kwa heshima.

Mtaona kwamba pendekezo la tatu si laini. Nataka vijana wawe wagumu wa kazi na wagumu wa kusema kweli. Siwataki wawe wagumu wa kuvumilia aibu isiyo na faida kwa yeyote.

Mchana huu mtapiga kura juu ya agenda namba 4. Ada ya binti huyu isipolipwa kabla ya mwisho wa mwezi, hataruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Mkiona nimekosea, mnikosoe hapa hapa, nami nitajibu, sitadeka. Lakini naomba kabla hamjainua mikono, kila mmoja akumbuke jambo moja la nyumbani kwao ambalo asingependa lisomwe baada ya matangazo.