Ushuhuda wa Walio Nje: Sifa za Mzee wa Kanisa katika Nyaraka za Kichungaji



Sura ya 3 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo inataja sifa za anayestahili kulisimamia kanisa. Awe mtu asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mwenye kiasi, mkaribishaji wa wageni, ajuaye kufundisha. Asiwe mlevi, mgomvi wala mpenda fedha. Aisimamie vema nyumba yake. Asiwe ameongoka juzi. Mwisho kabisa linakuja sharti ambalo makanisa yetu yamelitupa kando: ashuhudiwe mema na watu walio nje ya kanisa. Jioni hii nadai kwamba sharti hilo ndilo linalotufundisha namna ya kuyapima yote yaliyolitangulia.

Twende kwanza Efeso, alikoachwa Timotheo. Katika miji ya Kigiriki ya zama zile, vyeo vingi vya heshima viliwaendea wenye mali. Msimamizi wa gimnazia, kwa mfano, alitazamiwa kutoa mfukoni mwake gharama za mafuta waliyojipaka wanamichezo, kwa hiyo maskini hakufikiriwa. Karne hiyohiyo ya kwanza, Onasander, mwandishi wa Kigiriki asiye Mkristo, alitunga kitabu kuhusu kazi ya jemadari. Anasema jemadari asichaguliwe kwa nasaba yake kama makuhani, wala kwa utajiri kama wasimamizi wa gimnazia. Achaguliwe kwa kuwa ana kiasi, hapendi fedha, ni baba wa watoto ikiwezekana, ni msemaji mzuri na ana jina jema.

Wataalamu wa Agano Jipya wameilinganisha orodha hiyo na ile ya Timotheo, na wapo waumini wanaofadhaishwa na kufanana kwake. Mimi kunanitia moyo. Maana yake ni kwamba karibu kila sifa anayodaiwa mzee wa kanisa ni sifa ambayo hata mpagani wa Efeso angeweza kuiona na kuitolea hukumu. Jirani asiyeamini hawezi kupima kina cha imani ya mtu, lakini anajua kama hulipa madeni, kama huwapiga watumishi wake, kama usiku hurudi nyumbani amelewa. Uwezo wa kufundisha ndio hasa unaohitaji sikio la kanisa lenyewe.

Katika Waraka kwa Tito, ulioandikiwa kazi ya Krete, katazo la mwongofu mpya halimo. Huenda ni kwa sababu kanisa la huko lilikuwa bado changa. Katazo la tamaa ya mapato ya aibu limo. Na hofu hiyo ilikuwa na msingi: mapema katika karne ya 2, Polikarpo wa Smirna aliwaandikia Wafilipi kwa uchungu juu ya Valens, aliyekuwa mzee kwao, akawaonya wajihadhari na kupenda fedha. Hata hivyo aliwasihi wasimhesabu kuwa adui, bali wamrejeshe.

Sasa tutazame kwetu. Jina linapopendekezwa kwa uzee, mara ngapi swali la kwanza ni ukubwa wa mchango wake katika harambee ya ujenzi? Hapo tumerudi kwenye gimnazia. Mchango wa tajiri upokewe kwa shukrani, na tajiri mwenye sifa zinazotakiwa asinyimwe utumishi. Lakini mchango usihesabiwe kuwa sifa.

Mtaniambia walio nje wanaweza kumchukia Mkristo bila haki. Ni kweli, na Paulo mwenyewe alifungwa gerezani. Ila Waraka haudai mzee apendwe na kila mtu. Unadai mwenendo wake usimpe mtu sababu ya kumlaumu.

Kwa hiyo nayaomba mabaraza ya wazee yaliyowakilishwa hapa: kabla ya uchaguzi ujao, tumeni watu wawili waaminifu kwa majirani wa kila anayependekezwa, wawe Waislamu au wasio na dini. Waende kwa dada anayefanya kazi nyumbani kwake, kwa vibarua wake, kwa mwenye duka anayemkopesha. Waulize jinsi anavyoishi nao, na majibu yasomwe barazani kabla ya kura kupigwa.