Mji wa Amu na Haki ya Kuulizwa

Zamani za maliwali baraza lilikuwa mahali pa kupewa habari. Liwali aliketi, mkuu wa wilaya akasema, mkalimani akafasiri, na watu wakarudi majumbani wakijua yaliyokwisha kuamuliwa. Mazoea hayo hayakufa siku bendera ilipobadilishwa mwaka 1963. Hata leo wako wenyeji wengi wa miji midogo ambao, wakiitwa barazani, huketi kimya kwa adabu, hupiga makofi panapostahili, hutia sahihi katika daftari ya mahudhurio, kisha huenda zao. Maneno haya yanahusu mji mmoja ambao baadhi ya watu wake hawakutosheka na desturi hiyo, nao ni Amu, ambao kwenye ramani huandikwa Lamu.

Asiyepata kufika huko na ajue kwamba Amu ni mji wa kisiwani, wenye nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na vichochoro vyembamba ambamo punda hupita na mizigo kwa kuwa gari halipati nafasi. UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini mtu hali urithi. Wengi huishi kwa bahari: kwa jarife na madema, kwa kamba na kaa wanaokua katika mizizi ya mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika eneo la Lamu. Jambo lolote liharibulo maji hayo huingia moja kwa moja katika chungu cha jikoni.

Basi palitokea shauri la kujenga, upande wa bara, mahali paitwapo Kwasasi, kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Kenya haikuwa na kituo cha namna hiyo. Nguvu yake ingekuwa megawati 1,050, na gharama ilitajwa kuwa karibu dola bilioni 2. Mitambo ingepozwa kwa maji ya bahari, kisha maji yarudishwe baharini yakiwa na joto; na jivu lingehitaji mahali pa kurundikwa miaka na miaka. Mnamo Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ikatoa leseni.

Haki isemwe: si kila mtu aliyekipinga kituo. Vijana wasio na kazi waliona ajira. Wenye mashamba huko Kwasasi walitazamia fidia. Na nchi inayotaka viwanda haiwezi kudharau umeme. Aliyekitaka hakuwa adui wa mji, wala aliyekikataa hakuwa adui wa maendeleo. Lapasa kusemwa kwa sauti, maana katika mji mdogo watu husali pamoja na kuoleana, na tofauti ya shauri ikigeuzwa kuwa uadui hudumu kuliko mtambo wowote.

Wenyeji kadhaa, pamoja na jumuiya yao iitwayo Save Lamu, waliliendea jambo hili kwa njia ya busara. Pamoja na kulalamika juu ya moshi na jivu, waliuliza kama wakazi walikuwa wameshauriwa kwa namna ambayo sheria yenyewe inataka. Wakalipeleka swali hilo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, lililowekwa na sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Muda wa kukata rufaa huko ni siku 60. Anayeamka siku ya 61 amekwisha kuchelewa. Wao hawakuchelewa.

Na sheria yataka nini? Kanuni za mwaka 2003 hazikuacha mambo haya kwa hisani ya mtu. Anayetaka kuleta mradi mkubwa hana budi kubandika matangazo mahali pa wazi karibu na eneo la mradi, kuutangaza katika gazeti la nchi nzima kwa majuma mawili mfululizo, na kuutangaza kwa redio, kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji pia. Tena afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, awaeleze mradi na madhara yake, na kupokea maoni yao ya mdomo au ya maandishi. Wapewe habari ya mkutano juma moja mbele, na mahali na saa viwe vya kuwafaa wao. Kwa hiyo mkutano unaoitishwa wakati wavuvi wako baharini na akina mama wako jikoni, hata ukijaa viti, haukutimiza kanuni.

Hapa ndipo penye kiini cha kesi. Mikutano ilikuwa imefanywa Lamu, hilo halikukanwa. Lakini Jopo lilipoichunguza liliona kwamba ilikuwa ya utangulizi tu, iliyofanywa kabla ya utafiti wa madhara. Watu walielezwa mradi wakati ambapo maswali makubwa, ya joto la maji na jivu na hewa, yalikuwa bado hayajajibiwa na mtaalamu yeyote. Ripoti ilipokamilika, ikiwa nene na ya kitaalamu, haikurudishwa kwao ipasavyo ili waelezwe yaliyomo na kusema neno lao. Ni mfano wa wazee walioitwa kunywa kahawa kabla jina la mposaji halijatajwa, kisha wakaambiwa kwamba kwa kuinywa ile kahawa walikwisha kumwoza binti.

Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni. Halikusema kwamba makaa ya mawe yamepigwa marufuku Kenya. Lilisema mwenye mradi akitaka kuendelea, afanye utafiti mpya kwa kufuata kanuni. Kampuni yenye mradi, Amu Power, ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi ikaikataa rufaa hiyo. Kutoka leseni hadi hapo ni miaka tisa. Wako waliochoka njiani, na wako wenye mashamba ambao fidia waliyoitazamia iliahirishwa pamoja na kesi. Hasara yao si ndogo, na ingeepukwa kama mikutano ile ingefanywa sawasawa tangu mwanzo.

Katika mambo yote haya lugha ina sehemu yake. Ripoti ya Kiingereza haiwi Kiswahili kwa kutiwa neno la hapa na pale. Afisa akisema "athari za kimazingira zimepunguzwa" amefasiri maneno, lakini mvuvi bado hajajua kama kamba watakuwapo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kadhalika Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi ya umma barua ya Kiswahili kuomba habari, na ofisi yapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ndiye atakayemsaidia na kuyatia maneno yake katika maandishi. Haki hii wachache huitumia.

Kwa hiyo anayekwenda barazani na aende na swali. Na aulize kama utafiti umekwisha au bado, na ripoti iko wapi aisome. Kumbukumbu za mkutano zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kwa kuwa kinyume cha hapo mtu huweza kujikuta amesema asilolisema. Na atiapo sahihi katika daftari, aangalie juu ya ukurasa pameandikwa nini: mahudhurio ni mahudhurio, si ridhaa.

Kuna jambo moja linalosikitisha kidogo. Watu wanaoujaza uwanja kwa ajili ya kiwanda kikubwa mara nyingi hawaonekani mkutano ukihusu mtaro unaonuka au taka za kichochoroni, ingawa mtaro ndio wanaouruka kila asubuhi. Tangu mabaraza ya miji na wilaya yalipoondolewa mwaka 2013, mambo hayo ni ya serikali ya kaunti, na fedha zake hupangwa kwa kalenda inayojulikana. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekuja kulalamika mwezi Juni hukuta vitabu vimekaribia kufungwa. Mwenye neno juu ya mtaa wake na alipeleke mapema, kwa maandishi, na asiondoke ofisini bila nakala iliyopigwa muhuri na kutiwa tarehe.